Upande wa Mpokeaji

Kwa miaka kumi na moja niliujua msumeno wetu kwa nyuma tu. Mume wangu alisimama mbele akisukuma ubao, mimi nikasimama upande wa pili nikiupokea. Karakana yetu iko Ngokolo, mjini Shinyanga. Ni banda la mabati lililoachwa wazi upande wa barabara, na katikati yake kuna meza ya chuma yenye mpasuo mwembamba. Diski yenye meno inachungulia katika mpasuo huo, na mota iko chini. Wapita njia walizoea kutuona hivyo, tumeelekeana, ubao kati yetu, kama watu wanaokula sinia moja.

Kazi ya kupokea watu huidharau. Wanadhani ni kushika mbao zisianguke. Lakini mpokeaji akivuta, ubao unakimbia na mkono wa anayesukuma unaufuata. Akiupindisha kidogo, diski inabanwa na ubao unarudi kwa nguvu tumboni mwa mwenzake. Mpokeaji mzuri anaufuata ubao kwa mwendo wake, hauharakishi wala hauchelewishi. Mume wangu alizikwa akiwa na vidole vyote kumi, na hilo najivunia.

Nilikuwa pia jicho lake. Tulipokata vipande kwa urefu, ubao ulikaa juu ya kigari cha mbao kinachoteleza kuelekea diski. Yeye alichora alama ya penseli, mimi nikainama upande wangu, nikafumba jicho moja na kuangalia jino la diski linaangukia wapi. "Sogeza kushoto," namwambia. "Tena. Kidogo tena. Hapo." Mpaka niseme hapo, mota haikuwashwa.

Sasa kushoto kwa nani? Mwanzoni tuligombana sana juu ya hilo, maana kushoto kwake ni kulia kwangu. Siku moja aliharibu kipande kizuri cha mkongo kwa sababu yangu. Akaweka futi chini, akasema, "Tupatane leo. Ukisema kushoto, ni kwangu. Mwenye vidole mbele ya meno ni mimi." Nikakubali. Tangu hapo kila neno lililotoka kinywani mwangu nililigeuza kwanza kichwani. Baadaye sikujua tena kama nageuza.

Tulikuwa na desturi moja nyingine, na lazima niieleze hapa kwa sababu ndiyo iliyonitia matatani. Diski ina unene wake. Kila inapopita inakula kama milimita tatu za mbao zikawa unga. Kipande tunachokitaka tulikiweka daima kushoto kwa diski, kinachotupwa kikawa kulia. Kwa hiyo jino lilitakiwa liguse alama kwa ubavu wake wa kushoto, ili unga utoke upande unaotupwa. Wimbo wetu ulikuwa huo huo kila siku: jino kushoto, jino kushoto.

Mume wangu alifariki mwanzoni mwa kiangazi, baada ya kuugua wiki tatu. Kuhusu ugonjwa wenyewe sitaandika zaidi ya hapo.

Nilifunika msumeno kwa turubai. Ndugu walikuja, tukashona sare ya kitenge cheusi chenye nukta nyeupe kwa ajili ya arobaini, tukasali, wakarudi makwao. Wiki iliyofuata mdogo wake mume wangu alikuja peke yake na gari dogo la mizigo kutoka upande wa Geita. Kule anapasua mbao na kabari za matimba, ile miti inayozuia kuta za maduara, yaani mashimo ya dhahabu, zisiwaangukie wachimbaji. Nilimkaribisha kiti karakanani. Hakukaa.

"Shemeji, nimekuja tuongee habari ya msumeno."

"Nilijua. Nimeona kamba kwenye gari."

Alicheka kidogo, akatazama chini. "Mota ni yangu. Hilo unalijua."

"Nalijua. Meza ni ya kaka yako, mota ulimpa wewe. Sijawahi kusema vingine."

Na kweli aliitoa yeye, miaka ile tulipoanza, akamwambia kaka yake aitumie mpaka atakapoihitaji. Sasa aliihitaji. Sikuona kosa lake.

"Kule mbao inaliwa na ardhi kila siku," alisema. "Huu hapa umelala chini ya turubai kama mgonjwa. Utaufanyia nini?"

"Nitakatia mbao."

"Na nani? Si wewe ulikuwa unapokea?"

"Anayepokea anaona kila kinachosukumwa."

"Shemeji, mimi nimekula wali maisha yangu yote, sijui kulima mpunga."

Nilimjibu kwamba mimi nalima pia. Hapo akacheka vizuri, na nikaona nafasi yangu. Kulikuwa na kazi ambayo mume wangu aliiacha katikati: milango minane ya nyumba ya wageni ya mama mmoja wa Kambarage. Fremu zote nane alikuwa ameshazitengeneza na kuzipachika ukutani. Mbao za milango, mninga mzuri uliokauka, zilikuwa zimelazwa juu ya boriti zikisubiri.

"Niache nimalize milango ile," nilisema. "Ikikaa kwenye fremu zake, msumeno unabaki hapa. Isipokaa, unafunga kamba zako na mimi mwenyewe nakusaidia kupakia."

"Mlango wowote ukiupigilia bawaba unakaa."

"Kwa kipimo cha kaka yako."

Alikijua kipimo hicho. Mume wangu alibeba sarafu moja kuukuu ya shilingi mia katika mfuko wa shati. Mlango ukishafungwa, aliipitisha sarafu kati ya mlango na fremu, kuanzia juu mpaka chini. Ikikwama, mlango umebana. Ikicheza, mlango ni mwembamba. Ilitakiwa ipite kama barua chini ya mlango.

Shemeji alizunguka meza mara moja, akagusa turubai. "Mwisho wa mwezi nitarudi," alisema. "Na kamba nitakuja nazo."

Alipoondoka nilifungua kabati la zana. Ndani kulikuwa na boksi ambalo halijawahi kufunguliwa, na boksi hilo lina habari yake. Mwaka uliotangulia mume wangu alikwenda Kahama kununua gundi, akarudi na gundi na leza. Ni kitaa kidogo cha betri kinachofungwa juu ya msumeno. Kinaangusha mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, juu ya ubao, na mstari ule unaonyesha diski itapita wapi.

"Hii itakupumzisha jicho," aliniambia.

"Jicho langu limekuambia limechoka?"

Akaliweka boksi kabatini. Kwa siku tatu tulifanya kazi bila kusema lolote ila kushoto, tena, na hapo. Siku ya nne nikapika samaki, mambo yakaisha, lakini leza ilibaki pale pale.

Baada ya msiba watu waliosikia habari hiyo walisema marehemu aliona mbele, alijua ataniacha peke yangu, akaniandalia. Ni maneno mazuri na waliyasema kwa upendo. Mimi sitayasema. Mume wangu alipenda vitu vinavyowaka. Safari ile ile alinunua tochi yenye rangi tatu ambayo haikuwa na kazi yoyote. Muuzaji wa Kahama alimshawishi, basi. Kama kulikuwa na jingine, hakuniambia, na sipendi kumsemea asiyeweza kunisahihisha.

Jirani yangu wa karakana ya pili ni fundi wa kuchomelea, mzee mwenye maneno mengi. Nilimpelekea leza na kumwomba anichomelee mkono wa chuma wa kuishikia juu ya meza. Aliigeuzageuza.

"Jirani, hii si ya kwenye sherehe? Ile ya kuchezesha ukutani?"

"Hii ni ya kukatia mbao."

"Inakata?"

"Haikati. Inaonyesha."

"Sasa kama inaonyesha tu, si ungenichukua mimi? Nami naonyesha vizuri na sihitaji betri."

Lakini mkono aliutengeneza imara, nao hautingishiki hata mota ikiunguruma. Akanitengenezea pia kistendi chenye bomba linalozunguka juu ya beringi, kimo sawa na meza, ili ubao ukishapita diski ulale hapo. Kilisimama nyuma ya msumeno, pale pale nilipokuwa nikisimama mimi. Nilikitazama kwa muda. Kilikuwa chembamba kuliko mimi, na kimya zaidi.

Tatizo la kwanza lilikuwa jua. Banda letu liko wazi, na ikifika saa nne jua la Shinyanga linaingia mpaka kwenye meza, mstari mwekundu unapotea kabisa. Nilijaribu turubai la bluu, kila kitu kikawa bluu na mstari ukafifia. Mwishowe nilichukua kitenge cheusi kilichobaki tuliposhona sare, mita mbili na kidogo, nikakifunga kwenye mabati upande wa barabara. Kivuli kikaangukia meza na mstari ukawaka kama kaa la moto. Mzee wa kuchomelea alipita, akakiona kile kitambaa, akaanza kusema jambo, akaacha. Ndiyo siku pekee niliyomwona akiacha neno njiani.

Kisha nikaiweka leza. Nilifuata picha za kwenye karatasi, kwa kuwa maandishi yalikuwa ya Kiingereza na mimi niliishia darasa la saba. Nilichomoa waya wa umeme, nikainua diski juu kabisa, nikawasha kitaa, nikainama, nikafumba jicho moja. Jino kushoto. Nilisogeza mstari mpaka ukagusa ubavu wa kushoto wa jino, nikakaza skrubu. Ulikaa sawasawa, umenyooka kama uzi wa mwashi. Nikaridhika sana.

Asubuhi iliyofuata nilivaa miwani yake ya kazi, nikasimama mbele ya msumeno kwa mara ya kwanza, nikawasha mota. Nilitegemea kuogopa. Sikuogopa. Sauti ile nilikuwa nimeisikia miaka kumi na moja, nilijua inavyobadilika ubao ukiwa mgumu, inavyolia kwenye fundo la mti. Mikono yangu ilijua mwendo wa ubao kwa sababu niliupokea kila siku. Nilichora alama kwa penseli yake ile bapa, nikausogeza ubao kwenye kigari mpaka alama ikalala juu ya mstari mwekundu, nikasukuma. Ubao ukaanguka vipande viwili, safi.

Nilikata vipande vya kulala kwanza. Mlango wa mninga una miti miwili mirefu ya kusimama pembeni na mitatu ya kulala inayoiunganisha. Mume wangu alianza siku zote na ya kulala, hajawahi kuniambia kwa nini. Nadhani ni kwa kuwa ni mifupi na alipenda kuona rundo likipanda haraka. Kwa milango minane ni vipande ishirini na vinne, na kila kimoja nilikikata ncha zote mbili, alama juu ya mstari, sukuma, geuza, alama juu ya mstari, sukuma. Kabla ya saa saba nilikuwa nimemaliza. Mzee wa kuchomelea alisimama mlangoni akipiga makofi taratibu.

"Kumbe tulikuwa na mafundi wawili hapa, mmoja amejificha nyuma," alisema.

Nilijisikia mrefu. Nilichukua fimbo ya vipimo, ule ufito ambao mume wangu alitia alama za kila fremu kwa mkono wake, nikaweka kipande cha kwanza juu yake ili nijifurahishe tu.

Kilikuwa kifupi.

Nikaweka cha pili. Kifupi. Cha tatu, cha nne. Vyote vilipungua kiasi kile kile, milimita sita, kama mtu aliyevipunguza makusudi. Vipande ishirini na vinne vya mninga, na mbao haivutwi ikaongezeka. Nilikaa juu ya ndoo. Nililia kidogo, na nitasema kweli, siku ile sikumlilia mume wangu, niliulilia mninga. Halafu nikaona kamba za shemeji zikizunguka miguu ya meza, nikaacha kulia.

Mzee aliniuliza, "Taa imekudanganya?"

"Ngoja kwanza," nilimwambia.

Nilichomoa waya tena. Nikatazama mstari nikiwa mbele ya msumeno, pale pa kusukumia. Ulikuwa umegusa ubavu wa kulia wa jino. Nikazunguka nyuma, nikainama kando ya kistendi. Kushoto. Nikarudi mbele. Kulia.

Hapo nikaelewa. Siku ile ya kuiweka leza, miguu yangu ilinipeleka nyuma ya meza bila kuniuliza, kwenye upande wa mpokeaji, kwa sababu huko ndiko nilikozoea kutazama jino. Na nikaweka kushoto kwangu. Kama mume wangu angekuwa amesimama mbele, neno lingepita kinywani nami ningeligeuza. Lakini sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa hiyo sikugeuza. Leza haikunidanganya. Ilionyesha kwa unyoofu kabisa mahali nilipoiambia, na diski ikala milimita tatu za kipande changu badala ya kula za kile kinachotupwa. Ncha mbili kwa kila kipande, ndiyo sita.

Nilimweleza mzee. Alifikiri, akasema, "Kwa hiyo ungekuwa mvivu, hujawahi kumsaidia mumeo hata siku moja, leo mbao zingetosha."

"Zingetosha."

"Dunia hii," akasema, akarudi kwenye chuma chake.

Nilikaa tena juu ya ndoo, safari hii kwa kufikiri. Mlango una upana mmoja tu, lakini upana huo unatokana na vitu viwili: urefu wa ile ya kulala katikati, na upana wa ile ya kusimama pembeni, kushoto na kulia. Ile ya kulala ilikuwa imeharibika. Ile ya kusimama ilikuwa bado juu ya boriti, haijaguswa, mbao pana kama zilivyotoka kiwandani. Nikipasua kila mti wa kusimama uwe mpana kwa milimita tatu zaidi, miwili inarudisha sita. Kilicholiwa katikati kinalipwa pembeni, na mlango unatoka na upana wake halali.

Nilisimama nikapima mbao za juu moja moja. Zilitosha. Na kupasua kwa upana hakuhitaji leza wala jicho. Ubao unaegemea reli ya chuma iliyo kando ya diski, na reli ikishakazwa kila ubao unatoka sawa. Kama mume wangu angekuwa na tabia ya kuanza na ile mirefu, nisingekuwa na pa kukimbilia.

Kabla ya kitu chochote niliiweka leza upya. Safari hii nilifanya hivi: nilichukua kipande cha kutupwa, nikakisukuma nikiwa mbele mpaka diski ikakikata nusu, nikazima mota, nikasubiri diski isimame kabisa. Kipande nikakiacha pale pale na ufa wake. Kisha, nikiwa bado nimesimama mbele, nikasogeza mstari mpaka ukalala kwenye ukingo wa kushoto wa ule ufa. Sikuutazama mwanga kwenye kitaa chenyewe, unaumiza macho, niliutazama juu ya ubao. Nikakata vipande vitatu vya majaribio na kuvipima kwa fimbo. Vilikuwa sawa. Nikachukua chaki, nikaandika sakafuni mbele ya meza, kwa herufi kubwa: SIMAMA HAPA.

Siku zilizobaki zilikwenda vizuri. Nilipasua, nikachonga ndimi na matundu, nikapiga gundi, nikabana, nikapiga msasa. Umeme ulikatika mara mbili, nikatumia randa ya mkono. Wachimbaji wawili kutoka Mwakitolyo walipita kutafuta mtu wa kuwatengenezea ngazi. Walinitazama, wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Nikawaambia wamemkuta. Mmoja akasema watarudi. Hawakurudi, nami sikuwalaumu. Niliwaza tu kwamba ngazi zangu zingekuwa nzuri.

Mwisho wa mwezi shemeji alikuja kama alivyosema, na kamba zilikuwa nyuma ya gari. Tulipakia milango, tukaenda nayo Kambarage. Mwenye nyumba ya wageni alikuwa amekaa kwenye korido juu ya mfuko wa saruji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mayu," aliniitikia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Nimekuwa nikisema wageni wangu watalala kwa mapazia mpaka lini."

"Leo wanafunga kwa ufunguo."

Nilitundika mlango mmoja baada ya mwingine. Shemeji alishika, mimi nikapiga skrubu za bawaba. Nilipogusa fremu ya kwanza niliona juu yake, mahali ambapo hakuna atakayetazama, mwandiko wa mume wangu kwa penseli: namba ya chumba, na upana wake. Zote nane alikuwa ameziandika. Niliendelea kufanya kazi.

Ulipokaa wa mwisho nilitoa ile sarafu ya mume wangu, niliyokuja nayo ndani ya kopo la penseli, nikampa shemeji. "Pima wewe."

Alipima bila haraka. Alipitisha juu, ubavuni, chini ya kitasa. Mlango wa kwanza, sarafu ikapita. Wa pili ikapita. Wa tano ilikwama kidogo karibu na bawaba ya chini. Alinitazama, nikatazama fremu. Mafundi wa plasta walikuwa wameigonga ikaingia ndani. Nilichukua randa, nikaupunguza mlango hapo hapo, mara tatu tu, na sarafu ikapita. Wa sita, wa saba, wa nane. Alipofika mwisho aliifunga sarafu kiganjani.

"Shemeji," alianza.

"Ngoja. Kabla hujasema, kuna jambo nataka nyote mlisikie."

Nikawaambia. Vipande ishirini na vinne vifupi, upande niliosimama, jinsi nilivyorudisha upana pembeni. Nikamwambia mwenye nyumba kwamba miti ya kusimama ya milango yake ni mipana kidogo kuliko ya mlango wa mfano aliouona kwa mume wangu, milimita tatu kila upande, na kama haitaki aseme sasa.

"Milimita tatu," alisema yule mama. "Mayu, mimi nataka mlango ukifungwa wa chumba cha pili asisikie kinachoendelea. Hizo tatu ongeza hata kumi."

Shemeji hakucheka. Alikuwa akitazama mlango.

"Ungenyamaza, nisingejua."

"Tulipatana kipimo cha kaka yako. Yeye akikosea alikuwa ananiambia."

"Alikuwa anakosea?"

"Mara nyingi."

Alifungua kiganja, akaitazama sarafu. "Mimi hajawahi kuniambia hata mara moja."

"Wewe ni mdogo wake."

Tukarudi Ngokolo. Alirudisha gari kinyumenyume mpaka nyuma yake ikakaribia meza ya msumeno, akashuka, akazichukua kamba. Nilisimama kando ya mota yake, mikono imetulia. Nilikuwa nimeshasema nilichokuwa nacho.

Alizitupa kamba chini. Kisha akafungua ubao wa pembeni wa gari, akavuta mabanzi na mbao fupi zilizokuwa zimefichwa chini ya turubai, akaziweka sakafuni, rundo zima.

"Hizi ni za kabari," alisema. "Nilizinunua njiani ili nikazipasue kwa mota yangu kule. Nipasulie hapa. Kamba za kufungia kabari si hizo hapo?"

"Mota inabaki?"

"Mota ina kazi hapa. Nitaihamishaje?" Akatazama herufi za chaki sakafuni, akatazama mstari mwekundu chini ya kitenge cheusi. Kisha akazunguka nyuma ya meza, akakisogeza kando kile kistendi cha chuma, akasimama mahali pake. "Izime hiyo taa kwanza," alisema. "Nataka nione mlikuwa mnafanyaje."

Nikaizima. Nikavaa miwani, nikaweka ubao kwenye kigari, nikachora alama. Yeye akainama, akafumba jicho moja. Alichukua muda mrefu.

"Sogeza kulia," alisema. Kisha akainua kichwa, amechanganyikiwa. "Shemeji, hapa kulia ni kwangu au kwako?"

"Kwangu," nilimjibu. "Mwenye vidole mbele ya meno ni mimi."